UZI: Swali la 9 (mawazo ya kujiua) kwenye kliniki za magonjwa sugu. Mgonjwa akijibu "ndiyo", nini kifanyike kabla hajatoka mlangoni?

Tabibu_Mkuyuni

Wakuu, salaam. Naleta jambo linalotukuta kila siku ya kliniki na mara nyingi linaishia kwenye makaratasi.

Anayetumia PHQ-9, fomu ya kupima sonona (depression), anaijua: maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, kipindi kinachoulizwa ni wiki 2 zilizopita, jumla ya juu kabisa 27. Kuanzia alama 5 ni sonona nyepesi, 10 ya wastani, 15 inaelekea ukali, 20 na kuendelea ni kali. Swali la mwisho linauliza kama mtu amekuwa akiwaza kwamba afadhali angekufa, au kujidhuru kwa namna yoyote. Mambo huharibika hapa: mgonjwa wa kisukari anapata jumla ya 8, anaandikiwa "sonona nyepesi, arudi miezi 3", kumbe ndani ya hiyo 8 mna alama 2 za swali la 9. Jumla imefunika jambo zito kuliko yote kwenye fomu.

Msimamo wangu ni kwamba kliniki isianze kupima kabla haijaamua nani atakaa na mgonjwa aliyejibu 1 au zaidi kwenye swali la 9, atakaa naye chumba gani, na iwe siku hiyo hiyo. Jina la mtu wa zamu libandikwe ukutani pamoja na simu ya anayepokea rufaa. Mgonjwa akisema ukweli na asione mtu akigeuka kumtazama, safari ijayo ataandika sifuri, nasi tutafurahia takwimu nzuri.

Mtu wa zamu anauliza taratibu, kalamu ikiwa chini. Kwanza: "Umejibu kwamba kuna siku unaona afadhali usingekuwepo. Niambie zaidi, mawazo hayo yanakujaje?" Kisha waziwazi: "Umewaza kujiua?" Akikubali: "Umefikiria utafanyaje? Vitu vya kufanyia unavyo karibu? Umejiwekea siku?" Halafu: "Umewahi kujaribu huko nyuma, na mara ya mwisho ilikuwa lini?" Na mwisho, ambalo wengi hulisahau: "Ni nini kimekuzuia mpaka leo?" Jibu la swali hili ndilo utakalojengea matunzo.

Mwenye mpango, nia na vitu mkononi, au aliyejaribu siku chache zilizopita na bado amekata tamaa, haachwi peke yake hata kwenda chooni. Akae chumba tulivu na mtu mwenye jina, siyo "manesi wapo". Vitu vya hatari viondolewe, ndugu aitwe, mtaalamu wa afya ya akili apigiwe simu mgonjwa akiwa bado mbele yako. Mwenye mawazo bila mpango wala nia ya karibuni anaweza kurudi nyumbani, ila anatoka na mpango wa usalama na miadi ndani ya wiki 1. Miezi 3 ni mbali mno.

Wenye uzoefu na dawa, na wanaokaa na wagonjwa kutwa, ongezeni nyama.

---

Nesi_Mapokezi

Asante Tabibu. Nianze na kinachotangulia fomu, yaani maneno ya wagonjwa wenyewe. Ni wachache watakaokwambia "nina sonona". Utasikia "mawazo yamenizidi", "kichwa kimejaa", "moyo mzito", "sina raha na kitu", "nimechoka na hivi vidonge", "nimekuwa mzigo kwa watoto". Na lile zito linalopita kama sala: "Mungu anichukue tu nipumzike." Mhudumu akilipokea kwa "usiseme hivyo mama, Mungu yupo", mlango umefungwa. Jibu linalofungua ni fupi: "Pole mama. Ni uchovu wa maradhi, au umefika mahali unawaza kujiua?" Atakuambia. Wengine hupumua kwa nguvu kabla ya kujibu, maana hawajawahi kuulizwa.

Faragha ni tatizo kubwa. Foleni ya CTC (kliniki ya VVU) ikiwa mita 2 kutoka kwenye meza, hakuna atakayejibu swali la 9 kwa ukweli. Ndugu aliyemsindikiza pia atoke, kwa heshima: "Baba, naomba utupishe dakika chache. Kila mgonjwa naongea naye peke yake." Ukilifanya kwa kila mtu, halimtii yeyote doa. Na mwenye lugha ya nyumbani isiyo Kiswahili asitafsiriwe na mumewe au mwanawe katika maswali haya.

Jambo la pili ni daftari la waliokosa miadi. Mgonjwa aliyekuwa anakuja vizuri miaka yote, kisha akakosa mara 2 mfululizo, au sukari yake ikapanda ghafla, au wingi wa virusi ukarudi, huwa anaandikiwa "mtoro" na kupewa somo la ufuasi wa dawa. Kabla ya somo, muulize maswali 2 ya mwanzo ya PHQ-9: kukosa hamu na mambo aliyoyapenda, na kujisikia mwenye huzuni au aliyekata tamaa. Jumla yake ikifika 3 kati ya 6, endelea na maswali yote. Kuna watu wanaoacha dawa kwa kusudi, kimyakimya, wakingoja ugonjwa umalize kazi. Hao hawatakuambia wanataka kujiua, kwa sababu wao wenyewe hawaliiti hivyo. Waulize: "Ulipoacha dawa, ulitegemea nini kitatokea?"

---

Kibaoni

Samahani wataalamu, mimi nauguza mgonjwa nyumbani, siyo mtu wa hospitali. Hilo la kumuuliza mtu wazi kama anawaza kujiua linanitisha. Si unaweza kumtia wazo ambalo hakuwa nalo?

---

Mshauri_Nasaha

Kibaoni, hofu hiyo wanayo hata madaktari. Tafiti zilizowafuatilia watu walioulizwa na ambao hawakuulizwa hazikuona mawazo ya kujiua yakiongezeka kwa sababu ya swali. Wengine walipata nafuu. Mwenye wazo hilo ameshakaa nalo peke yake usiku mwingi, na swali lako linamwambia kwamba sasa mko wawili.

Kinachodhuru ni namna. Usiulize kwa kukana, kama "huwazi mambo ya kijinga, sivyo?" Hapo umeshamchagulia jibu. Usianze na dhambi wala aibu ya ukoo. Dini ni nguzo kwa wagonjwa wengi, na mara nyingi ndiyo jibu la lile swali la "nini kimekuzuia", lakini aitaje yeye kwanza. Na usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Sema mapema: "Tutakayoongea yanabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini. Hapo nitahitaji mtu wa kutusaidia, na nitakwambia kabla sijamwita."

---

DaktariWaNdani

Naunga mkono mengi, ila nina pingamizi na fomu yenyewe. PHQ-9 inauliza usingizi, uchovu, hamu ya kula, na kuzubaa au kutotulia. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, anazo zote hizo hata akiwa na furaha. Mgonjwa wa saratani aliye kwenye tiba ya kemikali vilevile. Anafikisha 10 kwa mwili tu. Tukifuata alama kama zilivyo tutawapa dawa za sonona watu wenye upungufu wa damu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika dawa natazama haya: hemoglobini, sukari, sodiamu, kreatinini, na homoni ya tezi pale kipimo kipo. Aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi apimwe vitamini B12, maana dawa hiyo huishusha, na upungufu wake huleta uchovu, ganzi na huzuni inayofanana kabisa na sonona. Maumivu yasiyotulizwa yashughulikiwe kwanza, hasa kwa wagonjwa wa sikoseli na saratani. Na mgonjwa aliyebadilika ndani ya siku 2, mara yuko macho mara amepotea, huyo amechanganyikiwa kwa sababu ya mwili. Mtafutie maambukizi, sukari iliyoshuka au dawa iliyozidi.

---

Mshauri_Nasaha

Dokta, pingamizi lako ni la haki, lakini lina mtego. "Ni ugonjwa tu, nani asingehuzunika akiambiwa ana saratani?" ndiyo sentensi inayowanyima tiba watu wengi. Huzuni kueleweka hakuiondolei uwezo wa kuua.

Njia ya kutenganisha ni kuyapa uzito maswali ambayo ugonjwa wa mwili hauyagusi sana: la 1 (kukosa hamu), la 2 (huzuni, kukata tamaa), la 6 (kujiona umeshindwa, umeiangusha familia) na la 9. Uchovu wa mwili humwacha mtu bado anataka kumwona mjukuu, ila hana nguvu za kwenda. Sonona humwondolea hata kutaka. Muulize: "Mwili ungekuwa na nguvu leo, ungependa kufanya nini?" Anayekosa jibu kabisa, chunguza zaidi.

Kuna pia kuchoshwa na ugonjwa wenyewe: kuhesabu vyakula, kujidunga, kuogopa kutazama kipimo. Wenye kisukari wanalijua sana hili. Linaweza kuwa zito bila kuwa sonona, na tiba yake ni kurahisisha matibabu: kupunguza idadi ya sindano inapowezekana, kukubaliana lengo moja badala ya matano, kumfundisha mtu wa nyumbani asimchunge kama askari. Vidonge vya sonona havimwondolei mzigo huo.

---

Mfamasia_Pwani

Upande wa dawa nina mambo mengi kidogo, mnivumilie.

Kwanza angalieni dawa alizonazo tayari. Efavirenzi, dawa ya VVU, iliwasumbua wengi kwa ndoto mbaya na huzuni, na imehusishwa na mawazo ya kujiua. Wengi sasa wako kwenye mchanganyiko wenye dolutegraviri, ambayo nayo huweza kukosesha usingizi. Kumhamishia dozi asubuhi mara nyingi kunatosha. Saikloserini kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu huleta sonona na hata wazimu, kwa hiyo hali ya akili iulizwe kila ziara. Prednisoloni, hasa ikizidi miligramu 40 kwa siku, hubadili hisia kwa namna zote mbili, na kuikatisha ghafla ni hatari nyingine. Fenobabitali na levetirasetamu kwa wenye kifafa huweza kushusha moyo, na kifafa chenyewe kina hatari kubwa ya kujiua kuliko wengi wanavyodhani. Katika haya yote, mgonjwa asiache dawa mwenyewe. Aje ibadilishwe.

Pili, dawa ya sonona ipi. Kwenye vituo vingi zilizopo ni 2, amitriptilini na fluoksetini. Aliyejibu ndiyo kwenye swali la 9 asianzishiwe amitriptilini kama kuna njia nyingine. Si salama kwake kubaki nayo nyumbani, na pia inasumbua moyo, inazuia mkojo kwa wazee, inashusha presha mtu anaposimama na inarahisisha degedege kwa mwenye kifafa. Fluoksetini huanza miligramu 20 asubuhi baada ya chakula, na kwa mzee au mdhoofu 10. Mwambieni ukweli: kichefuchefu na wasiwasi vinaweza kuja wiki ya kwanza, nafuu yenyewe ni wiki 4 hadi 6, na akipona aendelee miezi 9 hadi 12. Wengi huacha siku ya 10 kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Fluoksetini nayo ina wasioelewana nayo. Tramadoli, dawa ya maumivu: wawili hawa pamoja huweza kuleta degedege, homa na kutetemeka. Tamoksifeni: fluoksetini huzuia mwili kuigeuza kuwa dawa inayofanya kazi, kwa hiyo mgonjwa wa saratani ya matiti atafutiwe nyingine. Wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na dawa za maumivu kama diklofenaki: hatari ya kutoka damu huongezeka. Mzee anayetumia dawa ya presha ya kukojoza kama bendrofluazidi, sodiamu yake inaweza kushuka wiki za mwanzo, na akianza kuchanganyikiwa apimwe haraka. Mwenye kisukari sukari inaweza kushuka, apime mara nyingi zaidi mwezi wa kwanza. Walio chini ya miaka 25 mawazo ya kujiua huweza kuongezeka wiki za mwanzo, waonwe kila wiki.

Tatu, na hili naliombea masikio: utaratibu wa kutoa dawa za miezi 3 au 6 kwa mkupuo ni mzuri kwa mgonjwa aliyetulia. Kwa aliyejibu ndiyo swali la 9, unamwekea shehena ndani na kumwondoa machoni pa kliniki nusu mwaka. Arudishwe kwa muda kwenye dawa za wiki 1 au 2. Asielezwe kama adhabu. Mwambie: "Nataka tuonane karibu karibu mpaka utulie." Insulini na dawa zote za nyumba nzima zikae kwa ndugu, kwenye sanduku lenye kufuli, apewe dozi kwa dozi. Dozi zenyewe asikose hata moja.

---

Tabibu_Mkuyuni

Mfamasia, umegusa penyewe. Hata orodha ya miezi 6 iwe na alama ya kuwatambua hawa, la sivyo dirishani watapewa tu.

Niongeze kuhusu mpango wa usalama, kwa sababu nauona ukiandikwa kama kiapo: "Naahidi sitajiua", sahihi, tarehe. Karatasi ya namna hiyo haimsaidii mgonjwa. Inamtuliza mhudumu tu. Mpango wenyewe, uliotengenezwa na Stanley na Brown wa Marekani, una sehemu 6 na huandikwa kwa maneno ya mgonjwa: dalili kwamba mawazo yanaanza ("nikirudi kliniki na majibu mabaya, nikikaa gizani"), anachoweza kufanya peke yake, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo, watu anaoweza kuwaambia wazi pamoja na namba zao, wataalamu na kituo kilicho wazi usiku, na namna ya kuweka mazingira salama. Dakika 20 hadi 40 zinatosha. Kwenye kila mstari muulize: "Saa 8 usiku hili litawezekana?" Kama simu yake haina salio usiku, andikeni jirani wa kugongewa mlango. Dawa na viuatilifu vya shamba vitoke nyumbani siku hiyo, kabla mgonjwa hajafika.

Halafu simu za kufuatilia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 uliunganisha mpango huu na simu za ufuatiliaji kwa watu waliotoka idara ya dharura, na vitendo vya kujidhuru vilipungua kwa 45% ndani ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani nalo lilifanya jaribio katika nchi 5, zikiwemo India, Sri Lanka na Iran, kwa watu 1,867 waliokuwa wamejaribu kujiua: mazungumzo ya saa 1, kisha mawasiliano 9 ndani ya miezi 18. Waliokufa kwa kujiua walikuwa 0.2%, na kwa waliopata huduma ya kawaida 2.2%. Ni simu na ziara tu, jambo ambalo hata zahanati inaliweza. Kwetu, kila wiki kwa miezi 2 ya mwanzo, kisha kila wiki 2 hadi 4 kadiri anavyotulia.

---

DaktariWaNdani

Nimekubali hoja ya maswali 1, 2, 6 na 9. Naleta gumu zaidi: mgonjwa wa figo anayesema "sitaki tena kusafishwa damu". Ni haki yake kukataa tiba. Je, tunamhesabu kama mwenye hatari ya kujiua?

---

Mshauri_Nasaha

Usimhesabu popote siku hiyo. Chunguza mambo 3. Kwanza pesa: "Kama gharama zingelipwa leo, ungeendelea?" Wengi wanaosema wamechoka wanaogopa kwamba kiwanja kimeuzwa na ada za watoto zimeisha. Akijibu "ningeendelea", mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii, maana hajakataa tiba, ameuhurumia mfuko wa familia. Pili mwili: presha inayoanguka mashineni, misuli kukakamaa, kuwashwa, usingizi. Mengi yanarekebishika kwa kubadili kiasi cha maji yanayotolewa au muda wa kikao. Tatu sonona: uamuzi wake ni wa zamani na hauyumbi, au ulikuja na huzuni ya wiki chache? Anajiona hana thamani? Kama sonona ipo, itibiwe kwanza, naye akubali kuendelea mpaka mpitie tena kwa tarehe mliyokubaliana. Anayefahamu kitakachofuata, asiye na sonona, aliyeongea na familia yake na bado anasema basi, huyo anahitaji tiba shufaa (ya kutuliza maumivu na dhiki) na heshima.

---

Wakili_Kisumu

Hamjambo. Huku kwetu kikwazo kimoja cha kuandika ukweli kwenye faili kilikuwa sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Tanzania kifungu cha 217 bado kinalitaja kuwa kosa, na nafahamu kinawatisha wagonjwa na wahudumu. Tambueni kwamba kifungu kinahusu kujaribu. Kuwa na mawazo si kosa, na kuyasema kwa daktari si kosa. Andikeni kilichosemwa kwa maneno ya mgonjwa, mlichofanya, aliyejulishwa na saa. "Mgonjwa anasema natamani nisiamke, hana mpango, dawa amekabidhiwa dada, simu Jumatatu" inamlinda mgonjwa na inamlinda aliyeandika. "Ana tabia ya kutaka kujiua" haimsaidii yeyote.

---

Kibaoni

Nimesoma yote, asanteni sana. La mwisho kwa sisi wa nyumbani: mgonjwa ameanza dawa, wiki ya 3 sasa ametulia, anaoga, anaongea na watu. Tunaweza kumrudishia dawa zake azishike mwenyewe?

---

Mfamasia_Pwani

Bado, Kibaoni. Nguvu za mwili huweza kurudi kabla ya matumaini kurudi, na hapo katikati mtu ana uwezo wa kutenda asichokuwa nao alipokuwa amelala tu. Funguo zibaki kwenu mpaka kliniki imuulize tena swali la 9 na kupata sifuri katika ziara zaidi ya moja. Hata hapo anzeni na dawa za siku 2 au 3, siyo mzigo mzima. Akianza kugawa vitu vyake, kuaga watu bila sababu, au utulivu ukaja ghafla mno usiku mmoja baada ya dhiki kubwa, msingoje miadi. Kaeni naye, mpelekeni kituo chochote kilicho wazi, na mkifika mseme neno lenyewe, kwamba mnahofia kujiua. Mkisema "hajisikii vizuri" mtawekwa kwenye foleni. Kenya simu 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure. Tanzania pigeni 199 ya Wizara ya Afya mwelekezwe, huku mkiwa njiani.